Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nani Kalipia Kipindi Hiki?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waandishi, watangazaji, maofisa uhusiano na watu wa matangazo, wageni waalikwa, na ninyi mliotoka Kasulu, Kibondo na Uvinza kwa nauli zenu wenyewe, karibuni Mwanga, hapa Kigoma.

Kamati imekaa vikao vyote vinne kama katiba inavyotaka. Hesabu atazisoma mweka hazina. Wenye madeni ya ada nawaomba mmwone kabla ya chakula cha mchana, maana kodi ya ofisi haisubiri.

Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo moja lililoninyima usingizi mwaka huu: pesa inayoendesha kazi yetu inatoka wapi, na inayafanya nini maneno tunayoyasema.

Msikilizaji wa redio halipi kitu. Anayelipa ni mwenye tangazo, na anacholipia ni masikio ya huyo msikilizaji. Kampuni kubwa za simu, bia na sabuni, pamoja na mabenki, hupanga fedha za matangazo Dar es Salaam kupitia mawakala, na wakala kwanza hutazama kituo kina wasikilizaji wangapi. Kituo kidogo cha huku mwisho wa reli hupata makombo. Kinaishi kwa matangazo ya vifo, salamu, minada na vipindi vya kudhaminiwa. Mwandishi wa kujitegemea naye analipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka, pesa ya bodaboda imekwenda. Hapo ndipo bahasha inapopata mlango. Aliyekualika kwenye mkutano wake anajua mfuko wako ulivyo, anakupa "ya maji", na jioni jina lake linakaa aya ya kwanza. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinakataza rushwa, na sote tunazijua. Lakini tumezoea kuwakaripia vijana bila kuwauliza waajiri wao wanalipa nini. Kamati ijayo ianzie kwa waajiri.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu wengi mmelisikia nusunusu.

Masika yaliyopita, kampuni moja ya kuweka na kukopesha ilinunua nusu saa ya kipindi changu cha asubuhi. Meneja wake alikuja na maswali yameshachapwa, na majibu pia. Nilimuuliza kana kwamba nimeyatunga mimi, nikashangaa pale alipotaka nishangae. Sikusema popote kwamba kipindi kimelipiwa. Wiki chache baadaye ofisi yao ilikuwa na kufuli.

Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi alinifuata mpaka studio. Alifungua pindo la khanga, akatoa stakabadhi mbili zilizokuwa bado zinanuka dagaa. Hakunitukana. Alizilaza mezani, akazinyoosha kwa kiganja, akasema: "Mwanangu, mimi ile kampuni siijui. Nilikusikiliza wewe, kwa sababu wewe ndiye unayetuambia boti imezama wapi." Nimeomba radhi hewani asubuhi tatu mfululizo, na shauri liko polisi. Pesa yake haijarudi.

Kwa ajili ya hilo, mafunzo ya mwaka huu tuliyapeleka Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, chini ya miembe. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba Stanley alikuwa mvumbuzi tu. Mwaka 1871 alifika pale akiwa mwandishi wa New York Herald, na msafara wake uligharimiwa na gazeti hilo lililotaka habari ya kuuza nakala. Ukurasa wa shajara yake wa siku aliyokutana na Livingstone ulichanwa, kwa hiyo ile salamu maarufu, "Daktari Livingstone, nadhani?", haiwezi kuthibitishwa kwa maandishi yake ya siku ile. Vijana walibishana sana juu ya ukurasa huo, na nilifurahi kuwasikia. Nami nikawaonyesha upande mwingine: msomaji wa New York alijua gazeti gani limemtuma, maana lenyewe lilijitangazia hilo kwa fahari.

Tukajifunza pia habari za Ivy Lee, mmoja wa waasisi wa kazi ya uhusiano wa umma kule Marekani. Mwaka 1906, akiwatumikia wenye migodi ya makaa ya mawe, aliwaandikia wahariri kwamba kazi yake inafanyika hadharani, na kwamba wakiona taarifa yake inafaa kupelekwa idara ya matangazo, wasiitumie. Maneno mazuri, ila yeye mwenyewe hayakumkaa. Mwaka 1914, baada ya wachimbaji na familia zao kuuawa Ludlow, jimbo la Colorado, alifanya kazi upande wa Rockefeller, tajiri mwenye hisa kubwa katika kampuni ya migodi ile, na taarifa alizosambaza zilikuwa na mambo ya uongo. Maofisa uhusiano walio humu nawaomba wazishike habari zote mbili pamoja.

Katika chama hiki, wanaofanya kazi kwa uwazi kuliko sisi sote ni vijana wa magari ya matangazo. Spika zikipita Gungu au Mwandiga, hata mtoto anajua hilo ni tangazo. Nawapongeza kwa moyo wote, na naomba mwakani wapate nafasi kwenye kamati.

Kamati inaleta pendekezo moja. Kila kipindi au makala iliyolipiwa itanguliwe na sentensi hii: "Kipindi hiki kimelipiwa na fulani." Irudiwe katikati na mwishoni, kwa sababu mtu hufungua redio saa yoyote. Baadhi ya wenzetu wamepinga, wakisema wateja watakimbia. Huenda wengine wakakimbia kweli, na kituo kidogo kitaumia, hilo silipuuzi. Lakini mteja anayenunua dakika zetu kwa sharti la kutotajwa anataka kununua imani ya yule mama wa Kibirizi, nasi hatuna haki ya kuiuza.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii, kisha tupige kura juu ya pendekezo. Mimi tangu asubuhi ile ya kwanza ya kuomba radhi nimeshaanza kuisoma sentensi hiyo hewani, na mteja mmoja ameondoka.