Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Lubumbashi: mbabula ibaki nje

Wanangu, akina mama na akina baba wenye watoto wa shule ya msingi,

Ninawaandikia Juni hii nikiwa na hasira, na sitaifunika kwa salamu ndefu. Hapa mtaani kwetu Katuba, alfajiri moja ya baridi kali, majirani walivunja mlango wa nyumba ya kupanga na kuwatoa nje watoto watatu waliokuwa wamelegea, mmoja akitapika, mwingine akiitwa jina lake bila kuitika. Chumbani mwao mlikuwa na mbabula, yaani jiko la makaa, iliyoingizwa jioni ili walale kwenye joto. Mungu aliwarehemu, wakapona. Kilichonikera ni kwamba baada ya siku chache nilimwona mama yao akikatiza uani na mbabula ileile, makaa yameiva mekundu, akiipeleka chumba kilekile. Nilipomzuia, alinijibu kwa adabu kabisa, akiniita kambo kama tunavyowaita babu na bibi zetu: "Kambo, usiku ule makaa hayakuwa yameiva vizuri."

Jibu hilo nimelisikia katika nyumba nyingi mno. Mnaamini kwamba hatari yote imo katika moshi, kwa hiyo mnapepea nje mpaka moshi uishe, kisha mnaingiza moto ndani kwa moyo mweupe. Moshi ni mgeni anayebisha hodi: utakohoa, macho yatawasha, utatoka. Gesi inayoua, yaani monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kuitoa, hata yakishafunikwa na majivu. Ikiingia katika damu hushika nafasi ya oksijeni, na huishika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe mara 200 au zaidi, hivyo mwili unakosa hewa huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka. Mtoto wa miaka saba hupumua haraka kuliko baba yake, ndiyo maana yeye huanza kudhurika mapema. Kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu, anasikia kichefuchefu, kisha usingizi mzito unamchukua. Nanyi mkimchungulia mnafurahi kwamba leo baridi haikumsumbua!

Sufuria ya maji mnayoiweka kando ya mbabula haizuii chochote, kwa sababu gesi hiyo haimezwi na maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Wala kikombe cha maziwa mnachomnywesha aliyezidiwa hakiwezi kuifuata ndani ya damu. Aliyezidiwa atolewe nje kwenye hewa safi kabla ya jambo jingine lolote, kisha apelekwe hospitali akapewe oksijeni, hata kama ameamka na anaomba chai. Na anayeingia kumtoa afungue mlango na madirisha wazi, asikae humo kutafuta viatu.

Tazameni pia nyumba zenyewe. Mafundi wa zamani waliacha matundu ya hewa juu ya madirisha, na nafasi kati ya ukuta na mabati haikuwa imezibwa. Siku hizi matundu yamejazwa katoni na plastiki kwa kuogopa vumbi, baridi na wezi, na chini ya mlango mnasukumia kitambaa. Chumba cha namna hiyo, chenye watoto wanne na moto wa makaa, ni kaburi lenye godoro.

Najua mtaniuliza: kambo, tufanye nini na umeme haupo? Swali hilo ni la haki, na si ninyi mnaopaswa kulijibu. Bwawa la Mwadingusha lilianza kuzalisha umeme mwaka 1930, na ya Nzilo na Nseke yalifuata katika miaka ya 1950, yote katika Katanga hii hii. Shaba na kobalti yetu inasafiri dunia nzima, lakini mtoto wa Katuba anafanya kazi zake za shule kwa mshumaa. Migodi inapata umeme, mitaa inapata ahadi. Nasi tunakata misitu yetu ya miombo mwaka hadi mwaka ili tupate makaa, na gunia linapanda bei kila baridi inapoingia. Hata hivyo, aibu ya wakubwa haitawapa watoto wenu hewa usiku wa leo.

Joto lipo bila moto chumbani. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya digrii 10, lakini baridi hiyo nyingi humpanda mtoto kutoka kwenye simenti. Tandikeni katoni au mikeka chini ya godoro kabla ya kununua blanketi la pili. Walazeni ndugu pamoja. Wavisheni nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, na soksi kavu, si zile zilizoshinda shuleni. Chemsheni maji kwenye mbabula nje, mwogesheni mtoto jioni mapema, mpakeni mafuta ngozi isipasuke, na asubuhi anawe uso tu. Uji wa moto kabla ya kutoka. Jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kazi za shule zifanyike alasiri uani, penye jua, mzazi akiwa karibu na si akiwa kwenye simu.

Walimu wakuu nao wasijifiche nyuma ya barua hii. Nimemkuta binti mdogo kwenye lango la shule, ambayo sitaitaja, saa moja na nusu asubuhi, amevuta mikono ndani ya mikono ya sare yake nyeupe na midomo imepauka. Alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu sweta aliyoivaa ilikuwa ya kijani badala ya buluu, nayo imekunjwa ndani ya mfuko wake. Tangu 2019 Serikali ya Kongo imetangaza shule ya msingi kuwa bure; je, rangi ya sufi ndiyo imekuwa karo mpya? Mwacheni mtoto avae alichonacho mpaka Julai shule zifungwe.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye nyumba za kupanga. Ninyi ndio mlioyaziba matundu kwa simenti mlipokuwa mkipaka rangi. Chukueni nyundo na patasi wiki hii hii, myafungue, mweke wavu wa kuzuia mbu na nondo za kuzuia wezi, na gharama hiyo msiiongeze kwenye kodi ya mwezi.

Kambo wenu,
Katuba, Lubumbashi