Barua ya wazi kwa Meneja wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) wa wilaya yetu: mtaro kwanza, lami baadaye

Ndugu Meneja,

Salamu kutoka mtaani kwetu, huku Dar es Salaam ya nyumba zilizotangulia na ramani ikafuata. Tumesikia kuwa barabara yetu, ile inayoshuka kutoka kituo cha daladala hadi bondeni, inafikiriwa kuingizwa kwenye makadirio ya mwaka ujao wa fedha. Tumefurahi, usituelewe vibaya. Ila kabla makadirio hayajapitishwa tunaomba ulisikie hili: mtaro utangulie lami, na hata kabla ya mtaro tuambiwe maji yatatolewa wapi.

Mtaa wetu una mteremko. Maji ya juu yote hupita barabarani kwa sababu ndipo mahali pekee pasipo na ukuta. Kila paa jipya la bati na kila uwanja unaosakafiwa huongeza maji hayo, kwa hiyo mvua ileile iliyokuwa inanywewa na ardhi sasa inakuja mlangoni. Wananchi tunachanga, tunaleta kifusi, tunasambaza kwa sururu na koleo, kisha masika yanakipeleka bondeni. Wewe ni mhandisi, unajua kuliko mimi kinachotokea lami ikilazwa juu ya udongo usiotoa maji: tabaka la chini linalainika, pembeni kunamong'onyoka, halafu shimo linatembea kuelekea katikati.

Sisi wenyeji tunajua yasiyoonekana wakati wa kiangazi. Tunajua maji yanasimama nyuma ya msikiti na si mbele yake, na kwamba kalavati la zamani limezibwa na msingi wa nyumba. Mafundi wako wakija kupima tuombe tutembee nao. Na waje tena mvua za vuli zikinyesha, hata kwa saa moja tu. Mtaro ukiishia katikati ya njia, tutakuwa tumehamishia mafuriko kwa jirani wa chini na kuita hayo maendeleo.

Kufikisha maji mtoni lazima mtaro ukatize viwanja vya watu. Hapo ndipo miradi hukwama. Mchoro wa urasimishaji wa makazi unaonyesha njia, lakini juu ya ardhi kuna vibaraza, ngazi na vyoo. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wanaweza kuanza mazungumzo sasa, kabla mkandarasi hajaleta greda. Nisikudanganye kwamba wote watasogea bure. Wengine watasogeza ngazi kwa hiari, wengine watadai fidia, na wenye vyoo vilivyoko njiani wana haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana tunapendekeza barabara nyembamba. Mita nne zinatutosha. Hatuna malori ya kupishana. Tuna bajaji, bodaboda, watoto wa shule na gari la taka likikumbuka kuja.

Kwa maoni yangu, sehemu ya juu hata isiwe lami. Vitofali vya zege vinafaa zaidi mtaani kama kwetu, kwa sababu bomba likipasuka vinang'olewa, bomba linatengenezwa, vinarudishwa. Lami ikikatwa hubaki na kiraka. Tena vijana wetu wanaweza kufundishwa kuvipanga na wakalipwa hapahapa. Hilo si geni mjini hapa. Hananasif, kule Kinondoni, katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe walipewa kazi za ujira za kuchimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua, kwa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Kazi Duniani. Mitaro ndiyo iliyopewa kipaumbele kule, na nguvu kazi ilitoka mlemle mtaani.

Sasa fedha. Tunajua kapu lenu halijai. Lakini tangu bajeti ya 2021/22 ilipoongeza tozo ya mafuta kwa shilingi 100 kwa kila lita, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini mnazozisimamia, kijana wa bodaboda anayejaza lita nne amekuwa akiacha shilingi 400 pampu kila anapojaza. Kwa hiyo hatuji kwako kama waomba msaada. Wala hatudai mradi wa ukubwa wa DMDP, ule wa kuendeleza miundombinu ya Jiji la Dar es Salaam kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa 2015. Fedha zikitosha nusu tu, tunaomba nusu hiyo ijenge mtaro kamili hadi mtoni, barabara ibaki ya changarawe iliyoshindiliwa, na vitofali vije mwaka unaofuata. Nusu ya barabara yenye lami nzuri isiyo na pa kutolea maji hatuitaki, hata kama itapendeza siku ya uzinduzi.

Muda nao ni wa kuangalia. Mwaka wa fedha huanza Julai, na miezi mikavu ndiyo hiyo hiyo. Zabuni ikichelewa hadi mwisho wa mwaka, mkandarasi ataingia kazini masika yakikaribia, na kila tabaka atakaloshindilia litalowa. Usanifu ukiwa tayari mapema, zabuni itatoka mapema.

Tunaomba pia makadirio yabandikwe kwenye ofisi ya mtaa: kina cha mtaro, unene wa tabaka, gharama, jina la mkandarasi, tarehe ya kuanza na kumaliza. Yasomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa kwa Kiswahili. Kuhusu taka, ni kweli kuna wenzetu wanaogeuza mitaro kuwa dampo. Mkiweka mifuniko inayoinuliwa na mtu mmoja, usafishaji wa kila mwezi tutaupanga wenyewe kwa mashina.

Vikao vya kupanga vipaumbele vya kata havijafungwa. Tunaomba mhandisi mmoja kutoka ofisi yako afike kwenye mkutano wa mtaa ujao. Mtendaji wetu ana tarehe, na sisi tutakuwa na orodha ya nyumba ambazo njia ya maji inazigusa.

Wako,
Mkazi, kwa niaba ya majirani wa bondeni

Nakala: Diwani wa kata, Afisa Mtendaji wa Mtaa