Boriti nne na chumba cha mama mkwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi Kolo, Wilaya ya Kondoa, katika nyumba ya tembe aliyoijenga baba mkwe wangu. Tunakaa wanne: mimi, mama mkwe, na wajukuu wangu wawili. Hivi ninavyoandika, paa la chumba cha katikati limeshikiliwa na gogo la mgunga nililoazima kwa jirani, kwa sababu mhimili mmoja umeliwa na mchwa hadi ukiubonyeza kwa kidole gumba kinazama. Kitanda cha mama mkwe kiko futi sita kutoka kwenye gogo hilo.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kulala kwenye tembe, nieleze kidogo. Zinachimbiwa nguzo zenye panda. Kwenye panda inalazwa mihimili, juu ya mihimili boriti, kisha fito, kisha nyasi, halafu udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, unene wa shubiri moja, unashindiliwa. Paa linakuwa bapa, limeinama kidogo tu ili maji yapate pa kutokea. Kuta ni miti iliyokandikwa. Nyumba inajikunja kuzunguka ua. Tulipooana na marehemu mume wangu, juu ya paa hilo tulianika uwele na mtama, na mtoto mtukutu akitafutwa, alikuwa hukohuko juu. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba mtu anapanda, anang'oa majani yaliyoota, anaziba nyufa. Basi. Oktoba saa nane mchana, wakati wenzetu wa nyumba za bati wamehamia chini ya mwembe, kwetu maji ya mtungi bado ya baridi.

Mwezi wa nane nilimwita fundi kwa mambo mawili. La kwanza, kubadilisha ule mhimili na boriti nne. La pili, kuongeza chumba kwa nyuma, futi kumi kwa kumi na mbili, mlango wake uelekee uani, chenye choo cha kukaa ndani yake. Mama mkwe amevuka miaka themanini na choo chetu kiko hatua arobaini kutoka mlangoni, nimezihesabu. Mwaka jana alianguka usiku akaumia nyonga.

Fundi alikuwa amechimba msingi upande mmoja, umefika magotini, pikipiki ikasimama. Akashuka kijana nadhifu, ana kitabu mkononi, akaniamkia vizuri kabisa.

"Shikamoo mama. Kazi hii isimame. Hapa tuko ndani ya eneo la urithi wa dunia."

"Marahaba mwanangu. Urithi wa dunia nakubali. Sasa bibi yako huyu akitaka kujisaidia saa tisa usiku, dunia itakuja kumshika mkono?"

Alicheka, lakini msingi ukasimama.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa michoro ya kale ya miambani, ambayo ndiyo urithi wenyewe. Miaka ishirini na zaidi nimepandisha watoto wa darasa la nne kwenye miamba ya Mongomi, nikiwaonyesha twiga na watu wenye vichwa vya ajabu waliochorwa kwa rangi nyekundu. Najua kwamba michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2006, na kwamba eneo lenyewe ni kubwa, kilomita za mraba 2,336, lina vijiji vyenye watu, mashamba na makaburi yao. Wazee wetu bado wanapanda kwenye miamba hiyo kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Pia nimeona kwa macho yangu mashimo ya watu wanaotafuta mali inayosemekana ilifukiwa na Mjerumani chini ya miamba, wakitupa nje udongo ambao ndani yake huenda kuna vitu vya maelfu ya miaka. Kwa hiyo kijana aliposema msingi usichimbwe kabla mtaalamu hajautazama udongo, nilimwelewa. Hata aliponionyesha nyumba moja ng'ambo yenye bati la msauzi la bluu, linalokupiga machoni ukiwa juu kwenye miamba, nilikubaliana naye. Ile bluu inachukiza.

Nilichokwama nacho ni swali nililomuuliza baada ya hapo: niongezeje, basi? Kwa urefu gani, kwa udongo au kwa tofali za kuchoma, upande gani wa nyumba? Akasema nisubiri mtaalamu. Nimesubiri miezi mitatu. Nilikwenda ofisini kwao mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa nyumba ikiwa ya asili isiguswe. Mara ya pili, mtu mwingine, meza ileile, akaniambia nyumba za watu haziwahusu, wao wanahusika na michoro tu. Mpwa wangu anayesoma sheria Dodoma amenichapishia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho ya 1979. Nimeisoma kwa miwani na kamusi. Inalinda moja kwa moja vile vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Baba mkwe wangu alikuwa hajazaliwa, wala baba yake. Kwa hiyo tembe yetu yenyewe siyo mambo ya kale, ila imekaa mahali pa mambo ya kale, na katikati ya hayo mawili hakuna aliyeweza kunionyesha karatasi inayosema mwenye nyumba afanye nini.

Sasa boriti. Tembe nzuri inataka mti ambao mchwa anauogopa, mpingo au mkambala. Zamani baba mkwe alikwenda mlimani na shoka, akachagua. Leo ukikutwa na mti mmoja mbichi begani una kesi, na sipingi, maana wachoma mkaa wasingetuachia hata kivuli. Niliomba kibali cha boriti nne na mhimili mmoja. Nikaambiwa ninunue mbao za mti wa kupandwa, zinauzwa Kondoa mjini. Mbao za msonobari chini ya udongo wa shubiri moja! Mchwa watazimaliza kabla sijamaliza kumlipa fundi. Yaani ofisi moja inanikataza kuezeka bati kwa sababu tembe ni urithi, na ofisi ya misitu, jirani yake, inanikatalia miti ambayo bila hiyo tembe inaanguka. Kama wangekutana kwa chai, tungekuwa tumeshamaliza.

Wenye umri wangu wanakumbuka hii si mara ya kwanza nyumba hii kupewa amri. Miaka ya sabini, wakati wa kuhamishiwa vijijini, tembe ilikuwa alama ya kurudi nyuma. Tulifundishwa kuimba juu ya nyumba bora, zenye madirisha makubwa na paa la mgongo. Baba mkwe aliponea chupuchupu kwa sababu alikuwa tayari karibu na barabara. Ukaja mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka. Ng'ombe zetu zikapelekwa kwa ndugu mbali. Makorongo yakaanza kuota majani, hilo ni kweli na ni zuri. Lakini ng'ombe zilipoondoka, samadi ya kusiriba kuta iliondoka nazo, na hapo ndipo kuta zetu zilipoanza kuchoka. Mvua za El Nino mwaka 1998 zikauangusha ukuta wa kaskazini. Tulipika togwa, majirani wakaja, siku nne ukasimama tena.

Na mimi nina kosa langu, nilitaje kabla jirani hajaliandika. Nilipopata kiinua mgongo nilishauriwa na fundi nipige plasta ya saruji ukuta wa mbele, nyumba ionekane ya mwalimu. Ilipendeza mwaka mmoja. Saruji haishikani na udongo. Ikatoa ufa, maji yakaingia nyuma yake yakakosa pa kutokea, na siku moja kipande kikubwa kama mlango kikabanduka kikaja na udongo wake, hadi fito zikaonekana kama mbavu za punda. Kama kungekuwa na mtu wa kuniambia mapema kwamba ukuta wa udongo unataka udongo, laki tatu zangu zingebaki mfukoni. Ushauri wa namna hiyo ndio ningeutarajia kwa wanaotunza urithi, kuliko kitabu cha kuandikia majina ya wakosaji.

Dar es Salaam, katika Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967, kuna tembe ya Kigogo imejengwa watu waione. Ni jambo jema. Ile haina mgonjwa ndani yake. Ya kwetu inakaliwa, na nyumba inayokaliwa inaongezwa chumba. Hii ya kwetu yenyewe ilianza na vyumba viwili, kila mtoto wa kiume alipooa ikasogezwa ubavu mmoja. Mkono wa mashariki alijenga mume wangu mwaka tuliooana. Ukiniambia niigandishe, niigandishe ilivyokuwa mwaka gani?

Ninachoomba kwa wahusika wote, nao wanajijua, ni karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe ofisi ya kijiji. Iseme chumba kipya kisizidi kimo cha paa la zamani, kikae nyuma, kuta za nje zisiribwe udongo hata kama ndani ni tofali. Iseme nailoni inaruhusiwa chini ya udongo wa paa au hairuhusiwi. Iseme shimo la choo lichimbwe umbali gani na nani aje kuutazama udongo kabla, na aje ndani ya siku ngapi. Na iruhusu mwenye tembe apate boriti chache kwa mwaka, zigongwe alama kwa nyundo ya serikali, kwa ada ambayo mstaafu anaiweza. Bati la bluu mlikataze, nitawasaidia kulisema.

Msingi wangu bado uko wazi. Wajukuu wanaurukia kwenda shule na kuku mmoja ameshautagia. Juzi mama mkwe aliniuliza tutalirudisha lini gogo la watu, maana amesikia jirani analihitaji kwa zizi la mbuzi. Nikamjibu labda baada ya mvua. Akaniuliza, mvua ya mwaka gani?

Mwalimu mstaafu,
Kolo, Kondoa