Mwanangu, niandikie maneno mazima

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Mdogo wako amepona mafua, na baba yako anakusalimu sana. Ile barua yako ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo nimeisoma yote. Usiitume bado.

Pale ulipoeleza jinsi mlivyopima maji ya visima pamenifurahisha, kwa sababu umesema ulichokifanya wewe mwenyewe. Lakini mstari wa pili unasema: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka watatu." Watatu ni watu: watoto watatu, wagonjwa watatu. Wewe uko mwaka wa tatu. Chini yake nimekuta "nime jifunza", "nita shukuru" na "kwasababu". Panapotakiwa kuunganishwa umekata, panapotakiwa kuachwa nafasi umeunganisha. Na hiyo "husika na kichwa cha habari hapo juu" ifute, kila mwombaji anaianza nayo na haimwambii msomaji lolote. Mwanangu, mtu wa ofisi hajui kwamba unaamka alfajiri kusoma. Hakujui kabisa. Ana karatasi hiyo tu mkononi, na wenzako wamemletea za kwao.

Najua utasema mama anakuza mambo, maana yake si inaeleweka? Mara nyingi haieleweki. Kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima. "Hatutaonana" ni neno moja, na ndani yake mna sisi, mna kukanusha, mna wakati ujao, mna kuonana kwenyewe. Ukilikatakata, vile vipande vinageuka maneno mengine. Jirani aliniandikia: "Mama Ali kuja jana akakukosa." Nikakaa nikiwaza Mama Ali ni nani, maana mtaani kwetu hatuna mtoto anayeitwa Ali. Kumbe anasema mama yake alikuja. Vivyo hivyo "wali kula wakaondoka": msomaji anaanza na wali sahanini, halafu inabidi arudi nyuma kutafuta ni nani aliyekula.

Linaloniumiza zaidi ni hiyo h. Kazi yangu unaijua. Tunapopokezana zamu, hali ya kila mgonjwa lazima iandikwe, na anayeisoma pengine ni mtu ambaye hajamwona huyo mgonjwa hata kidogo. "Mtoto ana homa" na "mtoto hana homa" vinatofautiana kwa herufi moja. Watu wengi wanaidondosha wanapoongea, wanasema apa, uyu, ata mimi, na mazoea hayo yanashuka mpaka kwenye vidole. Wengine, kwa kuogopa kuidondosha, wanaipachika pasipohusika: hasante, hanakuja, halisema. Mkiwa mnatazamana, uso na sauti vinasaidia. Kwenye maandishi hakuna uso. "Atakuja" ni ndiyo, "hatakuja" ni hapana, na kati ya hiyo ndiyo na hapana hakuna kitu kingine ila h.

Ndiyo yaliyompata baba yako mwezi uliopita. Ulimwandikia: "Shangazi atakuja leo, ana nauli." Akatoka kazini mapema, akaenda stendi ya Msamvu, akasimama pale akitazama abiria wa kila basi lililotoka Dodoma mpaka giza likaingia. Simu ya shangazi haipatikani. Alirudi nyumbani hana raha, anafikiria ajali. Ulikuwa na maana kwamba hatakuja, hana nauli. Ujumbe wote ulikuwa sawa isipokuwa h mbili. Hakukugombeza kwa sababu hana tabia hiyo, lakini mimi nilimwona usiku ule alivyokuwa.

Kuhusu r na l sitasema mengi. Mtu aliyekulia lugha ya mama isiyotenganisha sauti hizo mbili anapata taabu ya kweli, na nakuomba usiwe mmoja wa wanaomcheka mwenzao hadharani kwa kuandika "rala" au "habali". Ukiona mtu wa karibu yako kakosea, mwambie faragha. Wewe huna tatizo hilo mdomoni, ila unaandika haraka bila kurudia kusoma, ndiyo maana kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu yako ulituma "mahari pa kikao ni pale pale" na wazee wakapiga simu kuuliza kama mahari imeanza kujadiliwa upya.

Sasa hizo xaxa, cjui, bc na 2taonana. Mimi nilikuwepo zilipoanza, na zilikuwa na sababu. Meseji moja ilichukua herufi 160, ukizidisha unalipia ya pili, na hela ya vocha ilikuwa ya kubanabana. Simu zenyewe zilikuwa za vitufe, kila kitufe kina herufi tatu au nne. Kuipata s ulibonyeza kitufe cha 7 mara nne, lakini x ilipatikana kwa kubonyeza 9 mara mbili tu. Hesabu mwenyewe: "sasa" ni mibonyezo kumi, "xaxa" ni sita. Aliyekuwa na vocha ya mwisho na kidole gumba kilichochoka, nani angemlaumu? Ila wewe una simu ya kugusa, herufi zote ziko mbele yako, s na x zote ni mguso mmoja, na bando unalonunua halihesabu herufi. Umerithi ufupisho ambao shida yake hukuikuta.

Sikukatazi kuongea na rafiki zako mnavyoongea. Mambo yenu ya "niaje" na "fresh" endeleeni nayo, nyie mnaelewana. Nasema kuhusu unapomwandikia mtu mwingine, na wa kwanza katika hao ni bibi yako.

Bibi alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata wanawake wa Mgeta wakitoka shamba walikwenda ngumbaru jioni, wamebeba watoto mgongoni. Mmoja wa watoto hao ni mimi. Alifundishwa ba be bi bo bu, kisha cha che chi cho chu, mpaka akazimaliza silabi zote, na zilipokwisha alikuwa anaweza kusoma gazeti. Huo ndio uzuri wa tahajia yetu: inaandikwa kama inavyotamkwa, anayezijua silabi anasoma chochote. Haikujipanga yenyewe. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha ya vitabu vya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, ili mtoto wa Kigoma na wa Lamu wasome neno lile lile.

Katika silabi alizofundishwa bibi hamna x. Hamna q. Hamna c inayosimama bila h. Ulipomtumia "Bb xhkamoo, cjambo, nmekumic xn", aliniita nikiwa kule kwake, akanipa kile kitochi chake akasema simu imeharibika. Ameweka kidole chini ya kila herufi kama alivyofundishwa, anajaribu kutamka, midomo inatafuta silabi haipati. Salamu yako ya heshima, ambayo najua uliituma kwa upendo, haikumfikia mpaka nilipomsomea mimi. Na vile vikopa ulivyoweka mwishoni kwenye simu yake vinaonekana visanduku vitupu. Isitoshe, ukiweka kikopa kimoja tu, nafasi ya meseji inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, kwa hiyo ulichokibana kwa kukata maneno umekipoteza hapo hapo.

Kuna jambo jingine nalihofia zaidi ya hayo yote. Unazijua zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Siku hizi wanakuja na za "mama", kwamba simu imeharibika, natumia ya rafiki, nitumie haraka. Nilipata moja: "Mama xamahan cm yng imezma nitmie 30 kwa no hii." Mwanangu, nilifungua mpaka kwenye menyu ya kutuma. Kilichonizuia ni kwamba mdogo wako alikuwa ametoka kuongea na wewe muda huo huo. Mwizi yule hakuhitaji kujifunza unavyoandika, kwa sababu unaandika kama watu wote. Ungekuwa na mwandiko wako, na sentensi zako, ningeshtuka kwa neno la kwanza. Tangu leo ukihitaji hela niandikie kwa maneno mazima, uniamkie kama unavyoniamkia ukiwa nyumbani. Meseji ya namna nyingine sitaijibu.

Ingia kwenye mipangilio ya simu yako, upande wa kibodi, uongeze Kiswahili. Itaacha kukugeuzia maneno kuwa Kiingereza. Ukimaliza kuandika jambo la maana, lisome kwa sauti. Sikio litakwambia "wa mwaka watatu" si sawa kabla jicho halijaona. Ukikwama nipigie, au mpigie baba yako, yeye tahajia yake ni nzuri kuliko yangu.

Barua ile irekebishe unitumie kabla ya Ijumaa. Yale ya visima yasipungue, ukiweza yaongeze, sema mlipima nini na mkakuta nini. Mwombe baba yako radhi kwa simu, usimtumie meseji.

Na bibi mwandikie leo. Anataka kujua mitihani inaanza lini na kama unakula vizuri. Kitochi chake kimejaa, kwa hiyo iwe meseji moja. Herufi 160 zinakutosha.

Ni mimi,
Mama yako