YAH: KAMERA ZA MLIMANI NA KAZI YA KLABU YA MALI HAI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Muhula unafungwa Ijumaa, na ripoti ya mwanao imeambatanishwa. Tarehe za kufungua zimebandikwa getini, hivyo naomba nitumie barua hii kujibu swali ambalo baadhi yenu mmeniletea ofisini, kuhusu kamera zilizofungwa kwenye miti katika Milima ya Udzungwa na picha ambazo watoto wetu wa Klabu ya Mali Hai, klabu ya wanafunzi ya uhifadhi, wamekuwa wakizichambua: je, zinatumika kuwapeleleza waokota kuni?

Kamera hizi hufungwa kwenye shina, karibu usawa wa goti, kando ya njia ya wanyama, na hupiga picha zenyewe kiumbe mwenye joto anapopita mbele yake. Kwa njia hiyo minde, swala adimu wa msituni, alipigwa picha porini kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na mwaka 2005 kamera ikamnasa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye wanasayansi hawakuwa wakimfahamu kabla ya hapo, wakampa jina rasmi mwaka 2008. Mpango wa ufuatiliaji ulioanza huko mwaka 2009 una vituo 60, kila kimoja kikiachiwa kamera kwa siku 30.

Picha nyingi hazina mnyama, kwa kuwa majani yaliyopashwa joto na jua yakitikiswa na upepo huihadaa kamera. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alijaza ukurasa mzima wa daftari kwa maneno "hakuna kitu", kisha mstari wa kwanza wa ukurasa uliofuata akaandika "pua". Ilikuwa pua ya funo, swala mdogo wa msituni, imegusa kioo cha kamera.

Kundi jingine liliandika ubaoni "funo 14". Mwalimu aliwataka watazame saa zilizo chini ya picha, wakakuta zote zilipigwa ndani ya dakika tisa, za mnyama yule yule mwenye sikio lililochanika. Wakafuta, wakaandika "mara 1". Nakiri kwamba ufutaji ule ulinifurahisha kuliko alama nyingi za muhula huu. Walijifunza pia kwamba kamera ya chini humwona kanga na kwale, lakini hondohondo na mbega wanaokaa juu ya miti huwakosa, kwa hiyo kutoonekana kwao katika orodha si ushahidi kwamba hawapo.

Wapo wanaosema watoto wamegeuzwa wapelelezi wa kuwachunguza waokota kuni. Uchungu uliobaki tangu kuni zilipopigwa marufuku hifadhini mwaka 2011 naujua. Picha zenye watu ziliondolewa kabla kadi za kamera hazijafika shuleni, nami nilizipitia mwenyewe ndipo nikaruhusu zifunguliwe darasani.

Muhula ujao wanafunzi 12 watapanda mlimani pamoja na walimu wawili na askari wa hifadhi. Fomu ya ridhaa iliyoambatanishwa isainiwe na kurudishwa siku ya kufungua shule. Asiyekuwa nayo atabaki darasani. Mtoto avae viatu vya kufunika, wala asijipake manukato, maana wanyama huyanusa kwa mbali.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule