Ilhan Omar hakuanzia Washington

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu 1994 na sijawahi kukuandikia, hata nilipoona makosa, kwa kuwa niliamini hapakosi msomaji aliye karibu zaidi na jambo lenyewe atakayelisahihisha. Safari hii nimesubiri wiki tatu na hakuna aliyesema neno. Taarifa yenu juu ya Ilhan Omar, mwanasiasa wa Marekani mzaliwa wa Somalia, ile iliyochukua nusu ukurasa pamoja na picha, ilimtoa katika kambi ya wakimbizi hapa Kenya, ikamvusha bahari, na katika sentensi iliyofuata ikamketisha katika Congress, yaani bunge la taifa la Marekani, mwaka 2018. Hata mwaka huo si sahihi, kwa sababu 2018 alichaguliwa na aliapishwa Januari 2019, lakini hilo ningelisamehe. Kinachoniudhi ni kwamba mmeufuta muhula wake mzima katika bunge la jimbo la Minnesota, pamoja na miaka aliyoitumia kuufikia.

Niliishi Minneapolis, jiji la Minnesota, kwa miaka tisa, katika mtaa wa Cedar-Riverside, na mambo haya yalipita mbele ya macho yangu. Mwaka 2012 Ilhan hakuwa mgombea wa chochote. Alikuwa akisimamia kampeni ya Kari Dziedzic, seneta wa jimbo. Mwaka uliofuata alisimamia kampeni ya Andrew Johnson, Johnson akashinda kiti cha baraza la jiji, naye Ilhan akafanya kazi katika ofisi yake. Februari 2014 mkutano wa chama chake cha Democratic mtaani mwetu ulivunjika kwa vurugu, na yeye mwenyewe akaumizwa. Ugomvi wa mwaka huo ulikuwa juu ya kiti cha 60B, yaani eneo letu katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota, kilichoshikiliwa na Phyllis Kahn, mwanasayansi aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972, na ambaye sheria ya 1975 ya kuwekea mipaka uvutaji wa sigara ndani ya majengo ilipita kwa juhudi zake. Mohamud Noor, Msomali mwenzake Ilhan, alijaribu kumwondoa Kahn katika mchujo wa 2014 akashindwa. Ilhan alijitokeza kugombea baada ya hapo, akiwa tayari amewafahamu watu wa eneo lile kwa kupanda ngazi za magorofa yao. Mimi sikuwa raia na sikuwa na kura, lakini vijana wake waligonga mlango wangu mara mbili katika wiki moja, wakaniomba niwapeleke majirani wazee kituoni. Mkutano wa chama wa 2016 ulimalizika bila mgombea yeyote kufikia asilimia 60 inayotakiwa ili kuidhinishwa, kwa hiyo Ilhan, Noor na Kahn wote watatu wakaenda mbele ya wapiga kura wa mchujo tarehe 9 Agosti. Ilhan alipata kura 2,404, Noor 1,738 na Kahn 1,726. Kura 12 ndizo zilizotenganisha wa pili na wa tatu, na mama aliyekaa bungeni miaka 44 akawa wa mwisho. Haya, Mhariri, ndiyo mliyoyaacha ili mpate nafasi ya kueleza rangi ya mtandio wake! Novemba, baada ya mpinzani wake wa Republican kusimamisha kampeni, alishinda kwa asilimia 80 hivi, akawa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kisomali kuingia katika bunge la jimbo lolote la nchi ile.

Wala siombi asifiwe. Katika bunge lile chama chake kilikuwa upande wa wachache, na alipewa nafasi ya naibu kiongozi wa upande huo. Juni 2019 bodi ya Minnesota inayosimamia fedha za kampeni ilibaini kwamba alitumia fedha hizo isivyoruhusiwa katika miaka ya 2016 na 2017, ikamwamuru arejeshe dola 3,469 na alipe faini ya dola 500. Msomaji alistahili kulisoma na hilo. Mkiufuta muhula wa mtu, mmefuta jasho lake na kosa lake kwa pamoja.

Madhara ya taarifa ile yameingia hadi nyumbani kwangu. Binti wa dada yangu aligombea uwakilishi wa wadi mwaka 2022 na akaangushwa katika mchujo wa chama. Nimekuwa nikimsihi akae na watu wa wadi ile, ahudhurie vikao vya basari na vya maji, awasaidie wengine kugombea kabla hajagombea tena yeye. Jioni moja baada ya Magharibi alikuja na gazeti lako mkononi, akaniambia, "Mjomba, mbona huyu hakupita wadi yoyote?" Nilimweleza habari za Dziedzic, za Noor, za zile kura 2,404. Akanionyesha ukurasa wenu na kusema kwamba gazeti haliwezi kuacha jambo kubwa kiasi hicho. Sasa ameazimia kuwania kiti cha Mwakilishi wa Kike wa kaunti nzima, na tayari ameuza pikipiki mbili zilizokuwa zikimlipia kodi ya nyumba. Niliyeyaona mambo kwa macho yangu nimeshindwa na nusu ukurasa wa mtu ambaye hakuuliza.

Na si Minnesota peke yake. Mnaandika "Baraza la Wawakilishi" bila kueleza kama ni la Washington, la Minnesota lenye viti 134, au la Zanzibar, na msomaji anabaki kukisia. Wawakilishi wetu wa wadi nao hamuwataji ila siku wanaporushiana viti. Mwakilishi wa wadi yangu yumo katika muhula wa pili, na katika gazeti lako sijawahi kusoma alipata kura ngapi, alimshinda nani, wala aliunga mkono hoja gani.

Naomba mambo mawili. Sahihisho lichapishwe katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, likitaja 60B, 9 Agosti 2016 na kura za wagombea wote watatu. Kisha, kila mnapoandika juu ya mwanasiasa, wekeni pembeni kisanduku cha upana wa vidole viwili chenye kila mwaka aliogombea, kiti alichokitaka, kura alizopata na jina la aliyemshinda au aliyeshindwa naye. Anzeni na wadi za Kisauni. Siku kisanduku cha kwanza kitakapotoka nitanunua nakala mbili, na moja nitampelekea binti wa dada yangu.

Wako,
Msomaji wa Kisauni, Mombasa