Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wastaafu wa Televisheni Zanzibar

Wazee wangu, ndugu wanachama, assalaamu alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati imekutana, wagonjwa wametembelewa, hitima zimesomwa kwa wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na maulidi yamefanyika kama kila mwaka. Atakaye tarehe, katibu anazo.

Nataka kulisema lile linalosemwa barazani na lisilosemwa mkutanini: fedha za mashine. Kamati, nikiwa mimi kitini, iliamua kutoa shilingi milioni 3 na laki 4 kwenye akiba ya chama. Tukanunua mashine iliyokwishatumika ya kuchezea kanda za U-matic, yaani zile kanda za video za zamani, pamoja na kifaa cha kuziingiza picha kwenye kompyuta. Tokea hapo maneno hayajesha. Mwenyekiti kanunua chuma chakavu. Mwenyekiti kala fedha za maziko. Kuhifadhi ni kazi ya serikali, si ya wazee wenye presha.

Mfuko wa maziko haujaguswa. Mshika fedha atakusomeeni: umo milioni 2 na laki 1, kama ulivyokuwa. Kilichotumika ni akiba ya ile safari ya matembezi, ambayo kila mwaka tunaichangia na kila mwaka wanakwenda watu walewale.

Ama hilo la serikali, kanda ninazozisema mimi haziko kituoni. Zimo majumbani mwetu, chini ya vitanda na juu ya makabati: nakala za taarabu, za ngoma, za vipindi tulivyovitengeneza kwa mikono yetu. Serikali itaingia vipi uvunguni kwa mtu?

Na kungoja hakuwezekani. Nyinyi mafundi mnajua, lakini nasema kwa ajili ya wenzetu wa uhasibu. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Gundi ile hunyonya unyevu, na hewa ya kisiwa hiki unyevu haijapungukiwa. Miaka ikipita utepe unanata. Ukiutia mashinani unaganda kwenye vichwa vinavyosoma picha, unga unabanduka, na picha imekwenda nao. Wataalamu huzioka kanda za namna hiyo kwa joto la nyuzi 50 hivi, kwa saa nyingi, ndipo zikubali kuchezeka kwa muda mfupi. Mashine zenyewe hazitengenezwi tena, na vipuri hupatikana kwa kuua mashine nyengine. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini tumenunua iliyotumika, na aniletee mpya.

Nimeulizwa pia faida yake nini. Kituo chetu kilifunguliwa 1973. Mzee Karume, ambaye wazo lilikuwa lake, hakukiona. Aliuawa Aprili 1972, na kikafunguliwa wakati wa Mzee Aboud Jumbe. Kilitoka na rangi tokea mwanzo. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini ya nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, na dhahabu yake yote, ilianza 1976. Tanzania Bara, ambako Mwalimu aliiona televisheni kuwa ni anasa, walingoja hadi 1994, tena wakaanza na vituo vya watu binafsi. Miaka yote ile watu wa Dar es Salaam walikuwa wakisimamisha antena ndefu juu ya mapaa ili wapate kutuona sisi. Leo ukimwambia hayo kijana aliyezaliwa na ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar la siku hizi, anakutazama kama unamtungia. Nimwonyeshe nini? Na asidhani mtu kwamba vipindi vya vituo vikubwa havipotei: BBC yenyewe ilifuta vipindi vyake vingi ili itumie kanda upya.

Zimeletwa kanda 61. Zimeokolewa 38, zimekataa 14, na 9 zinangoja. Mashine niliitafuta mimi, nikaifuata kwa nauli yangu, na nauli hiyo sijairudishiwa. Siidai. Naitaja tu ili iingie kwenye kumbukumbu.

Sasa mahudhurio. Chama kina wanachama 112. Mkutano uliopita, ambao ndio ungelijadili suala hili kabla ya ununuzi, walikuja 29 na ukaahirishwa kwa kukosa akidi. Leo mpo 41, nashukuru, ingawa nadhani khabari za ugomvi ndizo zilizowaleta baadhi yenu. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na waliomaliza mwaka ni 47. Jina la mtu silitaji, ila kuna sauti zinazovuma sana kuhusu matumizi ya fedha ambazo wenyewe hawajazitia. Daftari liko mezani, litazameni.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, inshaallah, kupata chumba cha kudumu, kufanya maonyesho madogo ya picha na vifaa, na kuzungumza na wahusika juu ya namna kazi hii inavyoweza kusaidiwa. Kuna watu wameahidi. Tutakuarifuni.

Mshika fedha amekaa karibu na mlango na kitabu chake cha risiti. Kwa mujibu wa katiba, maswali ya hesabu yataanza kwa waliolipa.